Uzi: Kabichi, karoti na stroberi kwenye bustani ya nyumbani, nani apandwe wapi na nani amfuate nani

Mlimani_Lushoto:
Habari wakuu. Nimeona nianzishe uzi huu maana maswali yanajirudia sana na watu wanapoteza hela ya mbegu bure. Mtu ana kaeneo kake nyuma ya nyumba, ananunua mbegu ya kabichi, ya karoti, ya bitiruti, siku hizi na miche ya stroberi, anamwaga samadi eneo zima sawasawa, anapanda vyote wiki moja, mvua inapiga vizuri tu, miezi mitatu baadaye kabichi zimefunga safi ila karoti zina miguu mitatu mitatu na stroberi ni majani matupu. Hapo analaumu mbegu feki au anasema udongo umechoka. Mara nyingi udongo hauna shida na mbegu ni nzuri, tatizo hivi vitu havitaki matunzo ya aina moja hata kidogo.

Ninavyopanga mimi ni hivi. Gawa eneo matuta manne hata kama ni madogo, upana mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga tuta, urefu kadiri ya nafasi yako. Matatu yatakuwa yanazunguka na moja ni la stroberi peke yake, hilo halizunguki, linakaa pale pale miaka miwili mpaka mitatu.

Samadi yote peleka tuta la kabichi. Kabichi, sukuma, chainizi, brokoli, koliflawa, hao ni ukoo mmoja na wote ni walaji wakubwa. Ndoo ya lita 20 ya samadi iliyoiva, mita mbili au tatu za mraba, changanya na udongo wiki mbili kabla ya kuhamisha miche. Kabichi zikishavunwa usiongeze mbolea yoyote pale, tifua kwenda chini sentimita 30, toa mawe yote, panda karoti na bitiruti. Zinakula kilichobaki na ndicho kinachowatosha. Zikitoka hizo weka maharage au njegere, afu ndo urudishe kabichi na samadi yake. Yani samadi inaingia mara moja kwenye mzunguko mzima na inaingia mahali pake.

Na figili usiichanganye na karoti kwenye hesabu kisa nayo ina kiazi chini. Figili ni ukoo wa kabichi, magonjwa yake ni yale yale, kwa hiyo ukiipanda hesabu kwamba umepanda kabichi pale.

Karibuni, ulizeni, na wenye uzoefu mwageni.


Ngaramtoni_Kijani:
Nimeweka kambi mkuu. Hapo kwenye karoti ndo kwangu kabisa. Udongo wetu huku Arusha ni mweusi laini, hauna mawe, na bado karoti zangu zimegawanyika na zina vinywele vingi vingi, tamu ziko ila mama watoto anasema kuzimenya ni kazi kuliko kupika. Nilitia samadi ya ng'ombe ya wiki kama mbili hivi.


Mlimani_Lushoto:
Ngaramtoni_Kijani umejijibu mkuu, hiyo samadi ya wiki mbili ni mbichi. Ncha ya mzizi wa karoti ikifika kwenye bonge la samadi mbichi inaungua au inapotea njia, mzizi mkuu ukifa ncha yake basi pembeni inachipua miwili mitatu kushindana. Jiwe linafanya hivyo hivyo, na udongo ulioshikamana chini pia. Vile vinywele vingi ni naitrojeni imezidi.

Ila kabla hujafunga kesi ng'oa moja uangalie vinywele kwa karibu. Ukikuta vinundu vidogo vidogo kama shanga kwenye mizizi myembamba hiyo ni minyoo fundo na hapo samadi haihusiki. Minyoo fundo anapenda nyanya, bamia, bilinganya, kwa hiyo kama tuta lilikuwa na nyanya msimu uliopita ndo wametokea huko. Usipande karoti hapo kwa sasa, weka mahindi au vitunguu kwanza, na wapo wanaopanda mabangi mwitu, yale maua ya njano na rangi ya chungwa, yanasaidia kuwapunguza ukiyajaza tuta zima msimu mzima, sio kupanda matatu pembeni.


Ngaramtoni_Kijani:
Nimetoka kung'oa sasa hivi, hakuna vinundu, safi tu. Kwa hiyo ni samadi. Asante sana.


Bi_Mwanahamisi:
Hodi humu. Wanangu mimi karoti hata kuota hazioti vizuri, namwagilia asubuhi na jioni, zinaota mbili huku tatu kule. Niko Tanga Mjini ila sio pwani kabisa. Nikaona niotee kwenye kitalu nihamishe kama miche ya nyanya, inafaa?


Mlimani_Lushoto:
Shikamoo Bi Mwanahamisi. Hapana mama usihamishe. Karoti ukiing'oa tu ule mzizi mwembamba unapinda au unakatika na ule ndio karoti yenyewe, utakachovuna ni mkunjo. Bitiruti inahama ukiiwahi ikiwa ndogo, karoti ipandwe pale pale itakapokaa.

Kuhusu kuota, mbegu ya karoti inachukua siku 7 mpaka 21, ni polepole, na inakaa juu juu kwa sababu unaifukia sentimita 1 tu. Tanga jua likipanda saa nne pale juu pashakauka, mbegu ilikuwa imeanza kupasuka inakufa. Fanya hivi: chora mstari, mstari hadi mstari sentimita 25, lowesha mfereji vizuri KABLA ya kuweka mbegu, changanya mbegu na mchanga mkavu mzigo mmoja wa mbegu kwa mitano ya mchanga ili isimiminike kwa wingi, funika na udongo mwembamba, juu weka nyasi kavu au gunia la katani. Mwagilia juu ya gunia. Kuanzia siku ya sita inua gunia kila asubuhi uchungulie, ukiona vijani vimeanza tu toa gunia jioni hiyo hiyo, ukichelewa siku mbili zinarefuka na kulala.

Afu kuna ile kazi ambayo watu hawaipendi, kupunguzia. Zikifika urefu wa kidole ng'oa uache moja kila sentimita 5 mpaka 8. Najua inauma kung'oa mche mzima lakini karoti zilizobanana hazinenepi, zinazungukana. Ng'oa jioni baada ya kumwagilia, udongo ukiwa laini hauzisumbui zilizobaki.

Na kwa joto la huko panda kipindi cha baridi, Juni hivi, ukipanda Januari hata ikiota inakuwa fupi na rangi inapauka.


Bi_Mwanahamisi:
Marahaba mwanangu. Gunia ninalo. Nitafanya.


Uyole_Dogo:
Wakuu mi niko Mbeya na nimeletewa miche 40 ya stroberi aina ya Chandler na shangazi. Nina kaeneo kalikuwa na viazi mviringo tumevuna mwezi uliopita, udongo umetifuka vizuri kabisa, nimeona nipande hapo hapo. Nichimbe shimo la ukubwa gani na niweke majivu kiasi gani?


Mlimani_Lushoto:
Uyole_Dogo subiri kwanza usipande hapo!! Viazi mviringo, nyanya, bilinganya, pilipili, huo ukoo unaacha kwenye udongo kuvu wa kunyausha ambaye stroberi hana ubavu naye. Mche unaanza vizuri, unatoa maua, afu jua likiwaka majani ya nje yanakauka pembeni na kulala huku ya katikati yamebaki ya kijani yamedumaa, na kuvu huyo anakaa ardhini miaka. Tafuta sehemu ilikuwa na maharage, mahindi, vitunguu, au hata nyasi tu. Ukikosa kabisa tumia ndoo zilizotobolewa chini au viroba na udongo wa mahali pengine, stroberi ina mizizi mifupi inaishi vizuri tu kwenye kiroba.

Majivu USIWEKE. Hii nataka wote muisome. Majivu ni kama chokaa, yanaondoa uchachu wa udongo. Kabichi inapenda hivyo, pH (kipimo cha uchachu) ya 6 mpaka karibu 7 ndo raha yake, na tena uchachu ukipungua ule ugonjwa wa mizizi ya kabichi kuvimba kama vidole unapata shida kuenea. Stroberi inataka uchachu kidogo, 5.5 mpaka 6.5. Ukiijazia majivu ya jikoni kila wiki majani yanakuwa ya njano huku mishipa imebaki kijani, mtu anadhani ni njaa anaongeza mbolea, kumbe chuma kipo udongoni mche unashindwa kukinyonya. Ndo maana nasema tuta la stroberi lisiwe kwenye mzunguko na mengine, majivu ya jikoni peleka kwa kabichi.

Sasa kupanda. Mche wa stroberi una kitu katikati pale majani yanapotokea, kifundo kinene, tuuite moyo wa mche. Hicho kiwe sawasawa na uso wa udongo. Ukikifukia kinaoza wiki ya pili, ukikiacha juu mizizi inaonekana na kukauka. Tengeneza kichuguu kidogo ndani ya shimo, kalisha mche juu yake, mizizi itandaze ishuke pande zote kama mwavuli, rudishia udongo, kandamiza, mwagilia, afu ANGALIA TENA, maana maji yakishuka udongo unazama na moyo unabaki juu au unafunikwa na tope. Rekebisha hapo hapo. Mche hadi mche sentimita 30.

Maua ya mwanzo kabisa yakate, najua nayo inauma, na zile kamba zinazotambaa zikate mwezi wa kwanza na wa pili zote. Mche ujenge mizizi kwanza. Tandaza nyasi kavu chini, tunda lisilale kwenye udongo, likigusa udongo wenye unyevu linaota ukungu wa kijivu haraka tu.


Uyole_Dogo:
Daah umeniokoa mkuu, kesho nilikuwa nachimba. Kuna upande wa njegere nahamia huko. Hizo kamba baadaye nazifanyaje, natupa?


Mlimani_Lushoto:
Usitupe zote. Mwaka wa pili mwanzoni chagua mama mmoja au wawili wanaozaa vizuri na hawana majani yaliyokunjamana wala madoa, hao waache watoe kamba, na maua yao kata, asifanye kazi mbili. Kamba ikitoa kichanga cha kwanza, kikalishe kwenye kopo lenye udongo pembeni ya mama bila kukata kamba, kibane na kijiti kilichopinda. Baada ya wiki nne hivi kivute taratibu, kikigoma kimeshika mizizi, kata kamba. Kichanga cha kwanza kwenye kamba ndo kina nguvu kuliko wanaofuata. Miaka miwili mitatu mama anachoka, matunda yanakuwa madogo na virusi vinajikusanya, unang'oa unaanza tuta jipya sehemu nyingine.


Kigamboni_Mama_Twins:
Jamani na sisi wa Dar tumekosa nini? Nimenunua miche ya stroberi bei mbaya kwenye maonesho, ina afya mpaka watu wanasifia, kamba zinatoka kila siku, ua hata moja sijaliona. Mwaka sasa.


Mlimani_Lushoto:
Dada yangu hukukosea kitu, ni usiku wa Dar. Stroberi nyingi tunazouziwa kama hiyo Chandler zinaamua kutoa maua kwa kusoma urefu wa mchana na ubaridi wa usiku. Mchana wetu huku karibu na ikweta una urefu wa kama masaa 12 mwaka mzima, huo unawafaa, ndo maana Lushoto, Njombe, Mbeya, na kwa Wakenya Limuru, mtu anachuma karibu miezi yote. Lakini usiku ukiwa na nyuzi 25 mche unaona bado ni wakati wa kutanuka, unatoa kamba na majani. Mbolea ukiongeza ndo unazidisha majani. Kwa Dar ningekushauri hilo eneo lipe chainizi, sukuma, figili, na kabichi zipo hibridi za kuvumilia joto, uliza duka la pembejeo wakuoneshe maandishi kwenye pakiti usikubali maneno. Sukuma ya Dar ukiipa maji na kivuli cha saa saba mchana unakula mwaka mzima.


Kigamboni_Mama_Twins:
Kwa hiyo nizitoe? Roho inaniuma.


Ngaramtoni_Kijani:
Mtumie ndugu wa mikoa ya baridi hizo kamba kwenye basi, ukizifunga mizizi na gazeti bichi zinafika salama. Mie nazihitaji 😀


Kigamboni_Mama_Twins:
Nakutumia kweli, njoo inbox.


Kinangop_Wa_Mvua:
Salamu kutoka Kenya. Uzi poa sana huu. Kwetu Kinangop kabeji ndio maisha, lakini hii minyoo ya kijani midogo inatumaliza. Nimespray dawa ya aina tatu tofauti, wiki hii hii, na bado majani ni matundu. Jirani ananiambia niongeze kipimo. Ya nyumbani tunakula hiyo hiyo kabeji, watoto pia, na mimi sipendi hiyo story ya kuongeza.


Mlimani_Lushoto:
Karibu sana Kinangop. Usiongeze kipimo, na kwa hiyo kabichi iliyopigwa sumu tatu wiki moja naomba usiwape watoto mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kila chupa ziishe, hesabu ile iliyo ndefu kuliko zote.

Tumhakikishe mdudu kwanza. Geuza jani, tafuta kakiwavi ka kijani, kembamba kwenye ncha zote mbili za mwili, kaguse na ncha ya jani. Kakiruka ruka kwa fujo kikarudi nyuma na kujiachia kaning'inie kwenye uzi mwembamba, basi ni kiwavi wa nondo mgongo almasi. Wakiwa wadogo wanakula upande wa chini tu wanaacha ngozi ya juu, jani linakuwa na vidirisha vya kupitisha mwanga, baadaye ndo yanakuwa matundu kamili. Huyu mdudu ni maarufu duniani kwa kuzoea sumu, kizazi chake ni wiki mbili tatu tu kwenye joto, kila ukipuliza wanabaki wale sugu na hao ndo wanaozaana. Na kibaya zaidi unawaua wanaokusaidia.

Kuna kanyigu kadogo keusi kanaitwa Diadegma, kanataga yai ndani ya mwili wa kiwavi huyo. Watafiti wa icipe, ile taasisi ya wadudu ya Nairobi, walikaleta kutoka Taiwan wakakaachia vilima vya Taita mwaka 2002, na baadaye kakasambazwa maeneo mengine ya baridi ya Afrika Mashariki, na kalipokaa kiwavi alipungua sana. Kanapenda milimani kwenye baridi, yani kwenu na kwetu. Sumu kali za kuua kila kitu zinakaua kwanza kenyewe.

Kwa eneo la nyumbani fanya hivi. Chandarua cha bustani chenye matundu madogo, kitandaze juu ya fito siku ile ile unayohamisha miche, kingo zifukie, nondo asipate pa kutagia. Kama wameshaingia tumia Bt, ni bakteria, kiwavi akila tumbo linagoma anaacha kula, na haidhuru nyigu wala nyuki. Puliza jioni maana jua linaiharibu, na lenga CHINI ya jani, juu hakuna mtu. Mwarobaini pia unasaidia. Na ukishamaliza kuvuna kabisa ng'oa visiki upeleke kwenye mboji, watu wanaacha mabua ya kabichi kavu miezi, kule ndo kitalu cha nondo.


Kinangop_Wa_Mvua:
Nimeenda nikaguse. Ameruka na kuning'inia vile umesema. Ni yeye. Asante ndugu, natafuta hiyo net kesho sokoni, mji wetu wa Engineer.


Mkulima_Kazi:
Mleta uzi uko vizuri ila hapo kwenye sumu nakupinga kidogo. Bila dawa kabichi ya biashara haiendi sokoni, mteja anataka jani lisilo na tundu. Nyie wa bustani mnaweza kuongea.


Mlimani_Lushoto:
Mkulima_Kazi nakuelewa kabisa na shamba la eka tatu lina hesabu zake, ila hata huko kupokezana makundi ya dawa ni lazima, sio kubadilisha jina la chupa huku kiini, ile sumu yenyewe ndani, ni kile kile. Soma kiini kwenye lebo. Uzi huu ni wa jiko la nyumbani, na kwa jiko la nyumbani tundu kwenye jani la nje unalibandua, umemaliza. Sioni sababu ya kumlisha mtoto sumu kwa ajili ya jani la kubandua.


Mkulima_Kazi:
Kwenye kiini nakubali. Wengi hatusomi.


Ngaramtoni_Kijani:
Mkuu na hii, kabichi zangu majani yameanza njano kutoka ukingoni, kipande kama herufi V kinaingia ndani, na mishipa ni myeusi. Ni njaa?


Mlimani_Lushoto:
Hiyo sio njaa, ni uozo mweusi, bakteria. V yenye ncha inayoelekea katikati ya jani ndo alama yake, na ukikata shina utaona pete nyeusi. Anakuja na mbegu na anaruka na matone ya mvua. Hana dawa ya kumponya, ng'oa hizo, usiweke kwenye mboji, choma au fukia mbali, usiingie tutani majani yakiwa na umande, na pale usirudishe kabichi, sukuma wala figili miaka mitatu. Mwagilia chini kwenye shina sio juu ya majani. Kama unatumia mbegu ambayo huiamini, ya kabichi unaweza kuiloweka kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, ila uwe na kipimajoto kabisa, kwa mkono usijaribu, ukizidisha unaua mbegu.

Nikukumbushe pia kwa wote, panda kabichi kwa nafasi ya sentimita 40 kwa 40 nyumbani, sio ile 60 kwa 45 ya shambani. Zinakuwa ndogo, kichwa kimoja mlo mmoja, hakuna nusu inayobaki inanyauka jikoni. Miche sita leo, sita baada ya wiki tatu, sio pakiti nzima siku moja. Ukikata kichwa acha shina na majani ya chini, chora msalaba juu ya shina kwa kisu, vinachipua vichwa vidogo vitatu vinne. Hiyo ni kwa zile zenye afya tu, zenye uozo ng'oa.


Bi_Mwanahamisi:
Wanangu narudi. Nimeinua gunia asubuhi hii. Vijani vimetoka mstari mzima.


Mlimani_Lushoto:
Hongera mama! Gunia litoke leo jioni, sio kesho. Siku tatu za kwanza mwagilia kwa keni yenye kichwa chenye matundu madogo, kidogo kidogo mara mbili, zisilale. Baada ya wiki punguza iwe mara moja lakini maji yashuke chini, mzizi ufuate maji. Afu usiache pakauke kabisa halafu ukamwaga mengi kwa mkupuo, karoti zinapasuka katikati. Zikianza kunenepa ukiona mabega yametoka juu ya udongo yafunike, jua linayafanya ya kijani na machungu.


Uyole_Dogo:
Na mimi nimemaliza, 40 zote ziko upande wa njegere, moyo sawa na udongo, nimerudi kuangalia baada ya kumwagilia na kweli saba zilikuwa zimezama tope. Nimezinyanyua. Nikianza kuchuma nachuma zikiwa na rangi gani, maana shangazi anasema zichume nyeupe nyeupe ziivie ndani.


Mlimani_Lushoto:
Mwambie shangazi kwa heshima kwamba stroberi haiivii ndani kama ndizi au parachichi. Ukichuma ina weupe begani, itabadilika rangi kidogo lakini utamu haupandi tena. Subiri iwe nyekundu mpaka kwenye kikonyo, ni kama siku 30 tangu ua lifunguke ikitegemea baridi, chuma asubuhi kabla ya jua, kata kikonyo kwa kucha ukiacha kile kikofia cha kijani, usivute tunda. Usioshe mpaka unakula. Na funika na wavu zikianza tu kuwa za pinki, ndege wa Uyole watakuwahi.